Kiti cha Mwingereza: Mhadhara juu ya Kuigiza Baraza la Udhamini

Maudhui niliyokabidhiwa leo hapa mjini Bukoba ni igizo la diplomasia, mchezo ule wa wanafunzi ambao ndani yake kila mmoja hupewa nchi ambayo si yake, akaketi nyuma ya kibao chenye jina la nchi hiyo, akasema kwa niaba yake, akabishana, akapatana, na mwisho akapiga kura, na shauri lenyewe la kuigizwa walimu wamekwisha kulichagua, nalo ni shauri la Tanganyika mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, huko New York, mwanzoni mwa mwaka 1955. Nimeikubali kazi hii kwa furaha, walakini nina neno ambalo ningependa lisikilizwe kabla ya viti kupangwa. Igizo la kupigania uhuru likiandaliwa ovyo huzaa sherehe, na sherehe tunazo maridhawa kila tarehe 9 Desemba. Likiandaliwa kwa insafu huzaa watu wanaojua jambo liligombewa kwa nini, nani alilizuia, na kwa hoja gani.

Mchezo huu una asili ya mbali. Vyuo vya Marekani viliigiza vikao vya Shirikisho la Mataifa tangu miaka ya 1920, na baada ya vita vya pili vikahamia katika Umoja wa Mataifa. Kwetu umeingia kwa mlango wa klabu za Umoja wa Mataifa zilizomo katika shule na vyuo, ambako aghalabu hujadiliwa tabianchi, wakimbizi na usawa wa jinsia. Hata hivyo asidhani mtu kwamba wakazi wa pembezoni mwa Ziwa hili walingojea Hati ya Umoja wa Mataifa itiwe saini San Francisco ndipo wajue kutuma mjumbe. Katika Buhaya ya zamani udugu wa kuchanjiana ulifungwa kwa buni mbili zilizotoka katika tunda moja, kila mmoja akila ya mwenzake iliyopakwa damu, na aliyefunga agano hilo hakuweza kumsaliti nduguye ila kwa kujitafutia laana. Na walipofika Wajerumani, Emin Pasha akiweka kituo chao hapa Bukoba mwaka 1890, Mukama, yaani mfalme, Kahigi wa Kianja alitambua upesi kuliko wenziwe namna ya kumfanya mgeni mwenye bunduki awe silaha yake mwenyewe dhidi ya majirani. Sisemi kwamba alitenda mema. Nasema alikuwa mwanadiplomasia, na kwamba kijana wa Kianja au Ihangiro anayeketishwa leo katika kiti cha balozi havai nguo ya kuazima.

Tuweke sasa usuli wa shauri, kwa kuwa pasipo usuli hoja zote huelea. Tanganyika, ilipokwisha kunyang'anywa Wajerumani, ilitiwa mikononi mwa Uingereza chini ya Shirikisho la Mataifa. Shirikisho lile lilipokufa, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaidhinisha Mkataba wa Udhamini wa Tanganyika tarehe 13 Desemba 1946. Kwa mujibu wa sheria, basi, nchi hii haikuwa mali ya Mwingereza kama ilivyohesabiwa Kenya. Ilikuwa amana, na mwenye kupewa amana alikuwa na dhima ya kutoa hesabu. Ibara ya 76 ya Hati ya Umoja wa Mataifa ilimtaka aiongoze nchi kuelekea kujitawala au uhuru, na Ibara ya 87 ililipa Baraza la Udhamini nguvu tatu: kuzichunguza taarifa za mtawala, kupokea maombi ya wananchi wenyewe, na kutuma wajumbe wazuru nchi. Nawasihi walimu wakae sana hapo penye maombi. Mkulima wa Kenya aliyeporwa ardhi hakuwa na mahali pa kulalamikia nje ya himaya ya Mwingereza. Mkulima wa Tanganyika alikuwa napo, japokuwa palikuwa mbali, na japokuwa barua yake iliweza kujibiwa kwa karatasi isiyomsaidia kitu.

Mtanganyika wa kwanza kuitumia nafasi hiyo kwa sauti yake mwenyewe alikuwa Kirilo Japhet wa Meru. Wameru wapatao 3,000 walikuwa wamefukuzwa Engare Nanyuki mwishoni mwa mwaka 1951 ili ardhi yao igawiwe walowezi, nyumba zao zikachomwa moto. Na mwaka uliofuata Kirilo, pamoja na wakili Earle Seaton, akavuka bahari akalisema shauri hilo mbele ya Baraza la Udhamini, kisha mbele ya Kamati ya Nne ya Baraza Kuu. Kamati iliwaunga mkono Wameru, lakini azimio lilipofika katika Baraza Kuu halikupata theluthi mbili za kura, likaanguka. Mwanafunzi anayependa hadithi za ushindi atasema Kirilo alirudi mikono mitupu. Kweli alirudi bila ya ardhi. Ila alirudi na habari, akazunguka nchi akiwasimulia watu kwamba huko duniani lipo baraza ambalo Mwingereza husimama mbele yake akaulizwa maswali, na habari ile, nathubutu kusema, ilikuwa na thamani kubwa kuliko azimio.

Ndipo ukaja Ujumbe wa Kuzuru wa mwaka 1954, uliokuwa na wajumbe kutoka New Zealand, India, Marekani na El Salvador. Ujumbe huo, mwenyekiti wake akiwa hakubaliani na wenzake, ulipendekeza kwamba iwekwe ratiba, na kwamba Tanganyika yaweza kujitawala katika muda wa miaka 20 hadi 25, au hata kabla yake. Vijana wangu, nawaona mkicheka, kwa sababu mnajua yaliyofuata. London hawakucheka. Pendekezo lile lilionekana huko kuwa ni ufidhuli na upumbavu, na Gavana Edward Twining, aliyekwisha kuwakataza watumishi wa serikali tangu mwaka 1953 wasijiunge na vyama vya siasa, hakuficha ghadhabu yake. Chama cha TANU kilikuwa na miezi michache tu tangu kilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Fedha zikachangwa kwa taabu, na mwalimu wa Pugu mwenye umri wa miaka 32 akapelekwa New York kukijibia chama chake.

Tarehe 7 Machi 1955 Julius Nyerere alisema mbele ya Baraza. Wamarekani walikuwa wamempa ruhusa yenye masharti, asivuke mitaa michache inayolizunguka jengo la Umoja wa Mataifa, na aondoke nchini mwao ndani ya saa 24 baada ya kumaliza kusema. Nimepata kuona michezo ya shule ambayo Nyerere huyo wa kuigizwa hurusha ngumi hewani akataka uhuru siku ile ile. Nyerere wa kweli hakufanya hivyo. Alisema kwa utulivu, akaupokea muda uliopendekezwa na Ujumbe kuwa ni wa busara, akaomba litangazwe rasmi kwamba Tanganyika itakuja kuwa nchi inayoongozwa na Waafrika walio wengi, na kwamba wawakilishi wake wachaguliwe na watu kwa kura. Madai hayo yalikuwa madogo kiasi cha kumnyima adui yake sababu ya kumwita mchochezi, na makubwa kiasi kwamba yakikubaliwa mengine yote hayazuiliki. Hiyo ndiyo sanaa yenyewe, na mwanafunzi asiyeonyeshwa sanaa hiyo amenyimwa nusu ya somo.

Lakini je, Bukoba ilikuwa wapi katika shauri hili? Mara nyingi historia ya taifa husimuliwa kana kwamba ilitoka Dar es Salaam ikaenda New York kwa ndege bila ya kutua popote. Huku kwetu watu walikuwa wamejikusanya zamani. Bahaya Union iliundwa mwaka 1924, na miongoni mwa waliouanzisha umoja huo walikuwa Klemens Kiiza, Mkristo, na Suedi Kagasheki, Mwislamu, jambo ambalo linafaa kukumbukwa na wale wanaodhani siasa za pamoja zililetwa na wageni. Mwaka 1937 wakulima walizikataa kwa ghasia kanuni za serikali za kulima kahawa, wakihofu kwamba mwisho wake ni kunyang'anywa mashamba. Mwaka 1950 wakapata chama chao kikuu cha ushirika, BNCU, ambacho George Kahama alikuwa meneja wake kabla ya kuingia katika baraza la mawaziri la kwanza la Nyerere. Mtu aliyezoea kuuliza kwa nini kahawa yake imepangiwa bei ile, na ni nani aliyeipanga, amekwisha kufika nusu ya njia ya kuuliza kwa nini anatawaliwa.

Kisha kulikuwa na fukuzi wa migomba. Msicheke tena. Mdudu huyu huzaliana ndani ya kikolo cha mgomba, akatoboa, mgomba ukaanguka kwa upepo kabla ya mkungu kukomaa, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali iliamua kumwangamiza kwa amri: migomba iliyougua ing'olewe, na asiyetii ashitakiwe. Tazameni jambo hili kwa macho ya mwenye kibanja. Mgomba ndio chakula, ndio pombe ya arusi, ndio kivuli cha mibuni, nao umepandwa juu ya makaburi ya babu zake. Sasa anakuja bwana shamba na askari wa mtawala, wanauonyesha kidole, unaanguka. Huenda kitaalamu bwana shamba alikuwa na haki. Ila hakuna aliyemwuliza mwenye kibanja, na katika kutoulizwa huko ndiko mwanasiasa Ali Migeyo alikoikuta hadhira yake. Migeyo aliyasema Kamachumu yale ambayo watu waliyanong'ona vibanjani. Mkutano ukatawanywa kwa mabomu ya machozi, naye akaionja jela. Walimu wa Muleba wana bahati ambayo shule za Uingereza hazina: uwanja wa kadhia hiyo uko katika wilaya yao, na mwanafunzi aweza kwenda kwa miguu akasimama pale.

Kwa hiyo katika igizo letu naomba kiti cha mwombaji kisiwe cha Nyerere peke yake. Nyuma yake waketishwe waombaji wa kubuniwa kutoka Kianja na Ihangiro: mkulima wa kahawa, mwalimu wa misheni aliyekatazwa siasa, mwanamke ambaye migomba yake imeng'olewa, kila mmoja aandike ombi lake kwa ukurasa mmoja, na Baraza limhoji. Wataona wenyewe kwamba neno "uhuru" lilipotamkwa New York lilikuwa limebeba fukuzi, bei ya kahawa na moshi wa Kamachumu ndani yake, na kwamba msemaji aliye mbele ya Baraza hana nguvu ila ile anayokopeshwa na umati ulio nyuma yake.

Nafika sasa katika jambo lililonileta. Niliwahi kualikwa katika shule moja ya wilaya ya Muleba kutazama mazoezi ya igizo kama hili. Madawati yalikuwa yamepangwa nusu duara, vibao vya nchi vimekatwa katika karatasi ya manila na kuandikwa kwa maka peni, mwenyekiti ana kirungu cha mti alichokichonga fundi seremala wa jirani. Binti mmoja wa kidato cha tatu alikuwa amepewa Uingereza. Zamu yake ilipofika alisimama akasema, "Sisi wakoloni tumekuja kuwanyonya, na hatutaki muwe huru." Darasa likaangua kicheko na makofi, waombaji wakapiga meza kwa furaha, na shauri likafa pale pale, kwa maana mshitakiwa alikuwa amekwisha kujihukumu na hapakubaki kitu cha kujadiliwa. Kisha mvua ikaanza kupiga bati, hakuna aliyesikika, mwenyekiti akaahirisha kikao.

Mwalimu wao, ambaye ni mtu wa makini, hakumkaripia. Alimwambia tu kwamba hakuna mkoloni hata mmoja aliyepata kusimama mbele ya Baraza la Udhamini akajiita mkoloni, akampa karatasi za kusoma, akamwambia arudi na Mwingereza mwenyewe. Nami nilifanya hila ya kualikwa tena. Safari hii binti yule alisimama kwa taadhima, akasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, Serikali ya Malkia haina ugomvi na uhuru wa Tanganyika, ina ugomvi na tarehe." Ukimya ukaingia. Akaendelea kuuliza nchi ina madaktari wangapi wazalendo, mahakimu wangapi, wahandisi wangapi. Akasema kwamba kutaja mwaka leo ni kuwaahidi watu kitu ambacho hakuna ajuaye kama kitakuwa tayari, na kwamba ahadi iliyovunjika huzaa damu. Akasema kwamba katika nchi hii wapo pia Waasia na Wazungu waliozaliwa humu, na kwamba serikali yake imetengeneza Baraza la Kutunga Sheria ambalo kila jamii itakuwa na viti 10, sawa kwa sawa, ili asiwepo wa kumwonea mwenzake. Mwombaji wa kwanza alibabaika. Wa pili hali kadhalika. Wa tatu, kijana mwembamba aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi, akaomba nafasi, akauliza, "Naye huyu aliyekabidhiwa amana tangu vita ya kwanza ilipokwisha, uchache wa madaktari hao ni hesabu ya nani?"

Hapo ndipo nilipoamini kwamba igizo laweza kufundisha. Swali lile halikuwa ndani ya kitabu chochote cha kidato cha tatu. Lilitolewa na hoja ya upande wa pili, na laiti binti angeendelea na "sisi wakoloni" lisingezaliwa kamwe. Usawa wa viti nao ukapata jibu lake, maana mmoja wao alikuwa na takwimu: sensa ya mwaka 1957 ilihesabu Waafrika zaidi ya milioni 8, na Wazungu wapatao 20,000. Viti 10 kwa 10 juu ya hesabu hiyo vyaitwa usawa katika lugha ya nani? Sensa hiyo, nakiri, ilikuja miaka miwili baada ya kikao wanachokiigiza, na mwenyekiti mkali angeikataa. Lakini uwiano haukuwa siri mwaka 1955.

Mwingereza akiandaliwa vizuri atauliza pia maswali yanayotuuma sisi wenyewe, nami sitaki yafichwe. Atauliza habari ya nyarubanja, ule umiliki wa ardhi wa mabwana. Atasema: mnalalamika kutawaliwa bila ya ridhaa, ilhali katika nchi yenu wenyewe mtwarwa, yaani mpangaji, hulima ardhi ya bwana, humlipa kodi, na aweza kuondoshwa, je, tukiondoka sisi, atakayemkomboa ni nani? Hili si swali la hila tupu. Mwombaji asijibu kwa kukana, kwani wazee waliomo ukumbini wanajua. Ajibu kwa kusema kwamba mashamba ya namna hiyo yalizidi kupanuka wakati wa Wajerumani na Waingereza, watawala waliohitaji machifu wenye nguvu za kukusanya kodi na kutoa vibarua. Kwamba aliyemlinda bwana wa nyarubanja alikuwa ni mfumo wa kutawala kwa kupitia machifu. Na kwamba watu wakijichagulia serikali, shauri hilo litaamuliwa na wengi. Ikawa hivyo kweli: sheria za kuufuta umiliki ule zilipitishwa na Bunge la nchi huru katika miaka ya 1960. Mwanafunzi wa mwaka 1955 hajui hayo, wala asiruhusiwe kuyataja.

Viti vingine navyo visiwe vya kujaza chumba. Baraza la Udhamini lilikuwa limetengenezwa ili idadi ya nchi zinazosimamia amana ilingane na idadi ya zisizosimamia, na kwa hiyo kila kura ilikuwa na bei. Anayepewa Ubelgiji ajue kwamba yeye ndiye mtawala wa Ruanda-Urundi, nchi ambayo vilima vyake vinaonekana ukisimama Ngara, na kwamba Ujumbe ule ule wa mwaka 1954 ulipita huko pia. Kila tarehe itakayotajwa kwa Tanganyika itadaiwa na jirani yake kesho yake, kwa hiyo Mbelgiji hawezi kukaa kimya hata kama Tanganyika haimhusu. Anayepewa Haiti asome kwanza namna watumwa walivyojikomboa wakatangaza dola yao mwaka 1804, ndipo atakapojua asimame kwa sauti gani. India na Syria zilikuwa zimetoka chini ya utawala wa kigeni miaka michache tu nyuma. Umoja wa Kisovieti utasema mengi makali, na mwombaji mwenye akili atayashukuru kwa uangalifu, asije akaitwa kibaraka wa Moscow.

Ila kiti ninachokipenda kuliko vyote ni cha Marekani, kwa kuwa humo mna fundisho ambalo halipatikani kwingineko. Mason Sears, mjumbe wa Marekani, alikuwa miongoni mwa waliozuru Tanganyika mwaka 1954 na kuunga mkono kuwepo kwa ratiba. Serikali yake haikuikubali. Ilikuwa na urafiki na London wa kuutunza. Basi mwanafunzi atakayeketi hapo apewe bahasha mbili: moja yenye yale aliyoyaona kwa macho yake Tanganyika, nyingine yenye maagizo ya wizara. Atasema nini? Baraza halikuiidhinisha ratiba ile, na mtoto atakayekitumikia kiti hicho kwa saa moja ataelewa kwa nini, pengine kwa undani kuliko aliyesoma sura nzima.

Liko tatizo moja ambalo sijaona igizo lililolitatua barabara, nalo ni kwamba wote tunajua hatima. Tunajua kwamba mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, kwamba Mei 1961 tulipata serikali ya ndani, kwamba tarehe 9 Desemba 1961 bendera ilibadilishwa, na tarehe 14 ya mwezi huo huo Tanganyika ikapokewa Umoja wa Mataifa. Miaka 20 hadi 25 iliyoonekana London kuwa ni wazimu haikufika hata 7. Mchezaji anayeyajua hayo hucheza kwa uvivu. Mwingereza wake amekwisha kushindwa moyoni, na mwombaji wake hana hofu. Ushauri wangu ni mkali kidogo: mwenyekiti na amkatize yeyote atakayetaja jambo la baada ya siku ya kikao, na kura iachwe iende inakokwenda. Ikitokea Tanganyika ikashindwa darasani, ishindwe. Meru ilishindwa kweli mwaka 1952. Mzazi mmoja aliniuliza kama si haramu kuwafundisha watoto kwamba nchi yao ingeweza kukosa uhuru. Nikamjibu kwamba walioupigania waliamka kila siku wakijua hivyo, na ndiyo maana tunawaheshimu.

Kuhusu lugha, mtanivumilia. Michezo hii huchezwa kwa Kiingereza, na najua sababu zake, lakini shauri hili lilifika New York likiwa limekwisha kupikwa kwa Kiswahili na Kihaya katika viwanja na vibanja, na vijana wetu, ambao wamelisikiliza Bunge redioni tangu utotoni, wanajua vizuri kabisa kusema "naomba mwongozo wako" na "kuhusu utaratibu, Mheshimiwa." Kikao kimoja angalau kiwe cha Kiswahili. Na wasichana wasipewe ukatibu kwa mazoea. Mmekwisha kusikia ni nani aliyelifufua darasa lile.

Baraza la Udhamini lenyewe lilisimamisha kazi zake tarehe 1 Novemba 1994, baada ya Palau, nchi ya mwisho iliyokuwa chini ya udhamini, kupata uhuru. Ukumbi wake ungalipo, ule uliotolewa zawadi na Denmark na kupambwa na Finn Juhl, lakini Baraza halikai tena humo kusikiliza maombi ya mtu wa Meru wala wa Buhaya. Shauri la Tanganyika haliwezi kusikilizwa tena mahali popote duniani ila katika vyumba vya madarasa, na vyumba vya Bukoba na Muleba vina haki nalo kuliko vingi.

Nawaomba basi mambo mawili. Walimu, kiti cha Mwingereza mpeni mwanafunzi hodari kuliko wote, wala msimpe mtukutu wa kuchekesha wenziwe. Na nyinyi wazee, pamoja na nyinyi mliorithi masanduku ya wazee: kadi za TANU, risiti za chama cha ushirika, barua za kesi ya migomba, hati za shauri la nyarubanja, zipelekeni shuleni zikatolewe nakala, na asili zirudi nyumbani kwenu siku hiyo hiyo. Vijana, chukueni madaftari mwende mkawaulize waliokuwepo Kamachumu, nanyi mwende likizo hii, kwa sababu aliyekuwa na umri wa miaka 20 wakati ule sasa amekwisha kuvuka 90.